Mdogo wangu, jina la mwanao ni kantara

Mdogo wangu,

Hujambo, na mtoto hajambo? Picha ya fomu ya kumsajili mtoto uliyonitumia nimeikuza mpaka nikausoma mwandiko wako. Penye primer apellido, yaani jina la kwanza la ukoo, umeandika Alcántara, jina la ukoo wa baba yake. Penye segundo apellido, jina la pili la ukoo, hujaandika kitu. Najua pia wapo waliokwisha kukuumiza kwa maneno, eti mwanao amebebeshwa jina la watu wa mbali.

Litamke polepole. Iondoe ile "al" ya Kiarabu mbele. Linalobaki ni kantara, neno la babu kwa daraja. Yale magogo ya minazi tuliyopitia kuvuka mto kwenda shamba, babu hakuyaita daraja hata siku moja. Huko kwa shemeji hukaza sauti kwenye "kan", sisi kwenye "ta".

Alcántara ni mji wa Extremadura, magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Hapo mto Tajo unavukwa kwa daraja la mawe lenye matao sita, walilolijenga Warumi enzi za Kaisari Trajan, mwanzoni mwa karne ya 2. Fundi wake, Lacer, aliacha maandishi kwenye hekalu dogo kando ya daraja kwamba kazi yake itadumu daima. Waislamu walipoingia Hispania mwaka 711, daraja lilikuwa na umri wa miaka 600 hivi, na bado limesimama. Mahali pale wakapaita al-Qantara, yaani daraja. Wakristo walipouteka mji katika karne ya 13, jina hawakuligusa.

Kwenye kundi la familia kuna aliyeandika kwamba basi ukoo wa shemeji ni Waarabu. Jina halisemi hivyo. "De Alcántara" ni mtu wa kutoka Alcántara, basi. Mpemba haitwi Mpemba akiwa Wete, huitwa hivyo akishavuka maji. Mtakatifu Pedro de Alcántara alizaliwa mjini humo mwaka 1499 akiitwa Juan de Garabito, na ni mji huo uliompa jina analojulikana nalo duniani. Waliohama walikuwa wengi, kila mmoja na damu yake, kwa hiyo ukimkuta Alcántara mwingine huko si lazima awe ndugu wa shemeji.

Sasa nafasi ile uliyoiacha wazi. Hispania mke haachi jina lake akiolewa, na mtoto huchukua majina mawili, la upande wa baba na la upande wa mama. Tangu 2017 wazazi wenyewe hutakiwa kukubaliana lipi litangulie. Nyinyi mmeshakubaliana, nami sina neno. Lakini la pili ni letu, dada. Andika Hamisi, jina la babu, na uiandike ile H, japo Wahispania hawaitamki.