Vitumbua Elfu Mbili: Salamu za Siku ya Mama

Shikamooni mama zetu, na heri ya Siku ya Mama. Mliozaa, mliolea msiowazaa, bibi mlioachiwa wajukuu, mama wakubwa, mama wadogo na mashangazi mliopokea watoto wa marehemu bila kuulizwa kama nafasi ipo, salamu hizi ni zenu kwanza. Na ninyi ambao leo mama yuko kaburini, poleni sana. Mungu awarehemu waliotangulia. Najua siku kama hii simu inakuwa nzito mkononi.

Huku pwani siku hii hutukuta masika hayajaisha. Jumapili ya pili ya Mei matope yamefika mlangoni, nguo zilizoanikwa tangu Ijumaa bado zina unyevu, na makaa yanatoa moshi kabla ya kushika moto. Mimi naona imepata majira yake, maana mama yangu namkumbuka wakati wa mvua kuliko wakati mwingine wowote.

Mama aliuza vitumbua Tanga. Kiangazi ilikuwa kazi ngumu kama kazi nyingine, lakini masika ilikuwa vita. Gunia la makaa lilihamia chini ya kitanda chake lisiloe. Mchele aliuloweka mchana, jioni akautwanga kinuni na kuuchekecha, kisha akachanganya na tui, sukari, hiliki na hamira ili rojo liumuke usiku. Sasa kukiwa na baridi rojo haliumuki upesi, na lisipoumuka vitumbua vinatoka bapa na vigumu, hakuna anayenunua. Basi alikuja chumbani kwetu taratibu, akachukua moja ya mablanketi yetu mawili, akalizungushia sufuria. Sisi watatu tukabanana kwenye lililobaki. Kwa miaka mingi niliamini yeye ana blanketi lake. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba nyumba nzima ilikuwa na hayo mawili tu. Yeye alijifunika kanga.

Saa kumi alfajiri nilisikia mafuta yakichuruzika kwenye kaango, na kile kijiti chake kikigonga chuma kila anapogeuza. Vishimo saba. Alianza na cha katikati, kwa sababu ndicho kinachoiva mapema, halafu akazunguka.

Siku hii yenyewe ilianzia mbali na kwetu. Ni Anna Jarvis, Mmarekani wa West Virginia, aliyeandaa ibada ya kumkumbuka mama yake katika kanisa la mji wa Grafton tarehe 10 Mei 1908, akatuma maua meupe yaitwayo kwa Kiingereza “carnation” ambayo marehemu aliyapenda. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaifanya siku rasmi Marekani. Anna hakuwahi kuwa na mtoto. Baadaye alipoona wauza maua na wachapa kadi wameigeuza biashara, alitumia miaka na mali yake kuipinga siku aliyoianzisha mwenyewe, mpaka akafariki 1948. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu. Hakutaka siku ya akina mama kwa jumla. Alitaka kila mtu amheshimu mama yake, yule mmoja, kwa jambo analolijua yeye.

Kiswahili kimeliweka hilo vizuri bila hata kujaribu. Machi 8 tunasema Siku ya Wanawake, wingi. Mei tunasema Siku ya Mama, umoja. Ndiyo maana mwaka huu nimeshindwa kuweka tena “Nani kama mama” juu ya picha ya waridi. Maneno ni mazuri, nami nayapenda yakiwa kwenye kanga, lakini yanamfaa mama yeyote. Wangu nina deni naye la peke yake, na nilitaka nilitaje kwa hesabu.

Nimesoma sekondari ya kutwa ya serikali kabla ya elimu bila ada iliyoanza 2016. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kitumbua kilikuwa shilingi 50, na ukitoa mchele, nazi, sukari, mafuta na makaa, kilimbakizia kama shilingi 10. Kwa hiyo ada yangu ya mwaka mmoja ilikuwa vitumbua 2,000. Gawanya kwa vishimo saba: kaango lilijazwa mara 286. Hapo hujagusa daftari, sare, mchango wa mlinzi wala wa mtihani, wala hujawataja wadogo zangu wawili. Kwa miaka minne ni vitumbua 8,000, kila kimoja kimegeuzwa na mkono uleule, mmoja mmoja, kwa kijiti.

Jana jioni nilimpigia. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza wajukuu wamekula nini. Nikamwambia, Mama, leo naomba unisikilize mimi. Nikamsomea hesabu yote, tangu blanketi mpaka hiyo elfu nane. Alinyamaza. Nikawa nasikia mvua inapiga bati upande wake.

Halafu akasema, “Mwanangu, hesabu yako haijatimia. Hujaweka nyongeza.”

Kweli, nilikuwa nimesahau. Mteja wa vitumbua kumi alipewa kimoja cha juu. Hakuna aliyemlazimisha, ila alisema mtu akitoka kwako aende na kitu ambacho hakukilipia.

Basi nilikaa mezani usiku nikaipiga upya. Ukiuza kumi ukatoa kumi na moja, faida ya kila kumi inashuka kutoka shilingi 100 hadi 60. Kama kila mteja angenunua kumi kumi, ada ya mwaka mmoja haikuwa vitumbua 2,000. Ilikuwa zaidi ya 3,600. Nimeirudia mara tatu.

Ndugu zangu ambao mama yupo, mpigieni leo mkamtajie jambo moja mliloliona kwa macho yenu, hata kama ni dogo, hata kama ni la miaka thelathini nyuma. Msiogope akinyamaza.

Na wewe Mama, ambaye mjukuu ndiye anayekusomea hapa kwa sauti: shikamoo. Heri ya siku yako. Hesabu nimeisahihisha kama ulivyosema, nyongeza imo. Ijumaa nashuka Tanga, Mungu akipenda. Nakuja na blanketi zito, na hilo halifuniki sufuria.