Kwa kitindamimba wa Mama

Mdogo wangu,

Nimefurahi umefika Hamburg salama, tumshukuru Mungu. Najua maneno hayo ya mwisho yatakufanya ucheke kwa upande mmoja wa mdomo, nami nimeyaandika makusudi. Ningeweza kukujibu kwa simu tukamaliza. Lakini yale uliyoyasema siku ya kumaliza tanga la Mama uliyasema mbele ya wajomba, mashangazi na nusu ya jumuiya, kwa hiyo jibu nalo acha lipite hadharani. Nilikuomba ruhusa ukasema, "Andika tu, dada." Haya, nimeandika.

Ulisema Mama alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi, ila aliletewa dini na watu waliomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, akaitumikia hadi anaingia kaburini bila kuuliza swali hata moja. Wajomba walikukaripia kwa kuwa udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Mimi la Meli halikuniudhi. Ni habari ya kweli, na nafurahi bado unaijali. Kilichonichoma ni hapo pa "bila kuuliza". Wewe ulipopata akili Mama alikuwa ameshamaliza kuuliza. Sisi wakubwa ndio tuliokuwepo akiuliza.

Mama alikulia Old Moshi, mwendo mfupi kutoka kwenye ule mti aliponyongewa Meli. Habari za Machi 2, 1900 hakuzisoma kitabuni. Alizipata kwa bibi yake, jikoni: jinsi Wajerumani walivyomnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, na jinsi inavyosemwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa huko uliko, Ujerumani, ambako wazao wake wamekuwa wakikitafuta. Nilipokuwa sekondari nilirudi likizo nimejaa somo la historia, nikamuuliza swali lako hilohilo. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua kichwa.

"Meli alinyongwa na serikali," akasema. "Bwana Yesu naye alitundikwa na serikali, askari wakagawana nguo zake. Sasa wewe unadhani siku ile pale mtini alikuwa amesimama upande gani?"

Kisha akanituma maji.

Jibu hilo huenda lisiwaridhishe wasomi wenzako. Ila mtu asiyeuliza halipati. Na lipo jambo jingine unaloliruka kila tukibishana. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, wakati bendera ya Mjerumani imeshasimikwa, sibishi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakawaondoa. Dini ingekuwa mali yao peke yao ingeondoka nao kwenye masanduku. Waliobaki wakifundisha katekisimo, wakiongoza ibada na kuzika watu walikuwa walimu wa Kichagga, waliotembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, na babu yake Mama alikuwa mmoja wao. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Mama alikuwa anapata kipaimara, na aliyemwekea mikono alikuwa mtu wa palepale mlimani, aliyemfahamu tangu anachunga mbuzi. Kwake habari ya wazungu ilikuwa hadithi ya kale. Dini ilikuwa ya babu yake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuwahi kuambiwa, kwa sababu lilipotokea ulikuwa unanyonya.

Unamfahamu yule mama wa ng'ambo ya mfereji, aliyelia kuliko sisi wote siku ya mazishi hadi ukaniuliza ni ndugu yetu wa upande gani. Si ndugu. Kuna wakati alikuwa adui. Ulikuwa mwaka wa ukame, maji ya mfereji hayatoshi, zamu zimebana. Mama akaenda kufungulia maji yetu alfajiri akakuta yamegeuzwa usiku, yanaingia kwenye kihamba, shamba la migomba, cha jirani. Wakarushiana maneno. Baada ya muda mfupi ndama wetu akafa. Mama, huyuhuyu unayemwita mtiifu, akasimama njiani watu wakitoka sokoni, akamwita yule mama mchawi.

Uzito wa neno hilo huko kwetu unaujua. Watoto wa yule mama wakaanza kukaa peke yao shuleni. Watu wakawa hawapokei hata moto kwake. Mama aliliona hilo, nasi tulimwona akiliona.

Hapo ndipo nilipoanza kugundua kitu. Jumapili ya Chakula cha Bwana, watu wakitoka kwenda mbele, Mama anabaki kwenye benchi. Anakaa na kitabu cha nyimbo kimefunguliwa, hageuzi ukurasa. Baba akimuuliza, anasema tumbo linamsumbua. Tumbo gani linalouma Jumapili ya Chakula cha Bwana tu? Alikuwa amenaswa na Mathayo 5, pale tunapoambiwa tuiache sadaka madhabahuni tukapatane kwanza na ndugu. Wengi wetu tunapasoma tunapita. Mama palimzibia njia.

Asubuhi moja alivaa kitenge chake cha kutokea, akaenda mpakani kwenye masale, ule mmea ambao jani lake kwetu ni la kuombea msamaha, akachuma jani moja, akalipiga fundo. Akaniambia nimfuate. Nadhani alitaka shahidi. Tukavuka mfereji, tukasimama uani kwa yule mama. Hatukuambiwa karibu. Mama akanyoosha lile jani kwa mikono miwili, akasema kwa Kichagga kwamba amemsingizia. Akasema ndama alikufa kwa ndigana, kwamba bwana mifugo alimweleza hivyo mapema kabisa, naye akanyamaza kwa sababu hasira ilikuwa tamu. Akasema alimchafua barabarani, kwa hiyo atamsafisha kanisani.

Yule mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha. Alipepeta mpaka makapi yakaisha, halafu akaendelea kupepeta maharage masafi, na sisi tumesimama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mila unaijua: sale likishaletwa halikataliwi, anayelikataa anajitafutia makubwa. Hatimaye akaweka ungo chini, akalipokea, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko. "Kaeni basi mnywe chai," akasema. Chai yenyewe ilikuwa haina sukari, na sijui kama sukari ilikuwa imeisha kweli.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Mama aliomba nafasi akasimama akayasema yote mbele ya watu. Hakufunika kitu. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Na Chakula cha Bwana kilipofika, wale wanawake wawili walikwenda mbele wakifuatana.

Sasa niambie wewe msomi, ile ilikuwa dini ya nani? Wajuzi watakutajia Bruno Gutmann, yule mmisionari aliyekaa Old Moshi hadi mwaka 1938, akaandika vitabu vinene kuhusu sheria za Wachagga, akataka usharika usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Apewe heshima yake. Lakini Mama hakuwa amemsoma Gutmann, na hakwenda kwa mchungaji kuomba kibali cha kubeba sale. Injili ilimwambia aende, sale likamwonyesha aende vipi. Mtu anayetumikia kitu cha wenzake hawezi kukishika kwa mamlaka namna ile. Alikishika kama mwenye nacho.

Usidhani nakuchorea malaika. Mambo mengine mpaka leo sikubaliani naye. Hela za kahawa zikitoka chama cha msingi, fungu la kumi lilitengwa kabla ya ada, hata mwaka ule bei ilipokuwa haitoshi kununua dawa ya kupulizia mibuni. Nimewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na bahasha ya sadaka iko kabatini, naiona kwa macho yangu. Nilimwambia hivyo nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini ulisoma." Ilikuwa kweli, na hasira yangu nayo ilikuwa ya haki. Tukaliacha hapo.

Na mnada! Wenzako huko wakikuuliza kanisa la uchagani likoje, waeleze mnada. Ibada imeisha, watu wako nje juani, sadaka za mazao zinapigwa mnada: mikungu ya ndizi, maparachichi, trei ya mayai, jogoo amefungwa miguu. Mama alikuwa anapeleka mkungu wake bora, halafu anaanza kuugombea mwenyewe kwa kuwa bei inayotajwa inamwaibisha. Mara nyingine tulirudi nyumbani na mkungu uleule, tumeununua ghali kuliko sokoni. Baba aliona ni wazimu. Lakini akimshinda mtu kwa jogoo, jogoo yule hakufika kwetu. Alikuwa anaachwa njiani kwa mjane fulani, na tulikatazwa kulitaja hilo hata kwa mzaha.

Kuhusu ugonjwa wake, umesema pia kwamba aliombewa sana na hakupona, na umelisema kama hoja. Mwenyewe angekushangaa. Mwaka 2011, nchi nzima ilipokuwa inakwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Masapila kwa shilingi 500, wewe ndiye uliyetuma nauli, wewe usiyeamini, kwa kuwa sukari ya Mama ilikuwa imepanda na ulikuwa umeogopa. Unakumbuka alivyojibu? Kwamba mzee yule hamhukumu, ila ile barabara itamuua kabla sukari haijamuua. Nauli yako akanunulia vipimo vya sukari, kilichobaki akatoa shukrani kanisani kwa jina lako. Hilo la shukrani hatukukwambia.

Yeye hakuwa anaomba ili apewe. Nimemsikiliza akiomba alfajiri maisha yangu yote, ukuta kati yetu ni wa mbao, na ninachokumbuka zaidi ni majina. Anataja watu, mmoja mmoja, na jambo la kila mtu: fulani na mguu wake, fulani na kesi yake ya shamba, fulani anayefanya mtihani. Jina lako lilikuwa la mwisho, kwa kuwa wewe ni wa mwisho, na ndilo aliloliweka muda mrefu kuliko yote. Hakuomba ubadilike. Aliomba upate chakula cha moto, na uwe na mtu wa kuongea naye baridi ikizidi.

Wiki zake za mwisho aliacha Kiswahili, akawa anaomba kwa Kichagga tu, anamwita Mungu Ruwa kama bibi zake walivyomwita kabla ya meli yoyote kutia nanga. Alitaka niimbe. Nikaimba wimbo wa jioni anaoupenda, machozi yananikimbiza, na katikati ya ubeti akafungua macho akaniambia, "Polepole. Unaimba kama unafukuzwa na mbwa." Nikaanza upya. Ubeti wa pili akaurekebisha sauti mwenyewe. Yaliyofuata unayajua, ulipigiwa simu.

Sasa kuna jambo linalokuhusu wewe kuliko mimi. Kwa mila yetu nyumba ya Mama ni ya kitindamimba, na hakuna anayelipinga hilo. Lakini tangu nikiwa msichana, jumuiya imekuwa ikisali sebuleni kwake kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaenda shambani. Viti vile vya plastiki vilivyorundikwa nyuma ya mlango si vya msiba, ni vya kwao. Juzi walinijia, yule mama wa ng'ambo ya mfereji akiwa msemaji wao, wakaniuliza kama waendelee au watafute nyumba nyingine. Nikawaambia mimi si mwenye nyumba. Wamesema watasubiri jibu lako mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba wakikubaliwa watanunua chai yao wenyewe.

Funguo ninazo mimi. Nijibu, hata kwa ujumbe mfupi.

Dada yako