Digoksini na amiodaroni: tuambiwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaouguza watu wenye moyo dhaifu.

Mama yangu alikuwa akimeza digoksini, dawa ya moyo, kidonge cha mikrogramu 250 kila siku, pamoja na furosemaidi ya kupunguza maji mwilini. Mapigo yakazidi kwenda mrama, akaongezewa amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo. Hakuna aliyetuambia kwamba amiodaroni hupandisha kiwango cha digoksini katika damu, na kwamba kwa kawaida dozi ya digoksini hupunguzwa hadi nusu. Wiki ya pili akakataa chakula, akatapika. Tukadhani ni tumbo. Asubuhi moja akanionyesha shuka jeupe, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hili limekuwa la manjano?" Nikamshika kifundo cha mkono nikahesabu: mapigo 44 kwa dakika.

Kumbe zote hizo zilikuwa dalili za digoksini kuzidi mwilini, na dawa hii ni ya kuangaliwa sana. Asili yake ni mmea ambao daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha habari zake mwaka 1785, na hadi leo pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni jembamba mno. Figo zikichoka, au furosemaidi ikitoa potasiamu nyingi kwenye mkojo, hatari huongezeka.

Mama alinusurika, namshukuru Mungu. Sasa nahesabu mapigo kabla ya kila kidonge. Yakiwa chini ya 60, nampigia daktari kwanza, kama alivyonielekeza.

Madaktari na wafamasia, mnapoongeza dawa mpya, tafadhali tuelezeni inagongana na ipi. Sisi ndio tunaolala chumba kimoja na mgonjwa.

Binti anayemuuguza mama