Barua ya malalamiko: kwenye malipo nilikuwa wawili, kwenye chai nikawa mmoja

Dar es Salaam,
16 Februari 2026

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUDAI KUREJESHEWA FEDHA ZA SAFARI YA LUSHOTO, AMANI NA PANGANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu safari ya milimani na pwani mliyoitangaza kwa shilingi 420,000 kwa mtu mmoja. Ndani yake mliahidi usafiri wa gari la kampuni kuanzia Mombo hadi Ushongo, malazi, chai ya asubuhi, kiongozi wa kutembea msituni na boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Tangazo lile nililisoma neno kwa neno kabla ya kulipa kwa simu, kwa sababu nasafiri peke yangu na kwa pesa ya kuhesabu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayekuja peke yake ana bei yake.

Bei hiyo niliijua Lushoto. Giza limeshaingia, ukungu umeshuka mpaka barabarani, mwakilishi wenu akanitolea karatasi yenye “nyongeza ya chumba cha mtu mmoja”, dola 90. Nikamwambia sikuambiwa. Akasema ndio utaratibu, na kwamba nisipolipa hatakabidhi ufunguo. Meneja, mtu aliyefika Lushoto usiku, magari ya kushuka Mombo yameshakata na mabegi yake yako chini, hana namna ya kusema hapana. Nililipa. Nisingependa mseme baadaye kwamba nilikubali.

Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja nililalia, kingine kilibaki kimetandikwa, taulo imekunjwa juu yake na kisabuni kidogo ndani ya karatasi. Asubuhi nikaletewa kikombe kimoja cha chai, yai moja na vipande viwili vya mkate. Nikamwomba dada wa mapokezi aniletee na chai ya yule mtu wa pili niliyemlipia. Akacheka, akadhani natania. Alipoona sicheki akafungua orodha aliyotumiwa na ofisi yenu, akanionyesha kwa kidole: mgeni mmoja.

Sijaja kubishana kwamba chumba ni chumba, awe ndani mmoja au wawili. Mwenye gesti ana hasara zake na ninazielewa. Ila bei za vyumba zilikuwa zimebandikwa palepale mapokezi, nikazisoma wakati nasubiri chai. Mgeni anayeingia mwenyewe kutoka barabarani anapewa chumba kizima kama kile kwa pesa ndogo kuliko hiyo nyongeza yenu peke yake, mbali na yale malazi niliyokwisha kuyalipia Dar es Salaam. Kwa hiyo nyongeza ile haikuwa ya mwenye gesti. Ilikuwa yenu.

Halafu dola za nini? Mimi ni Mtanzania, nimelala Lushoto, nimelipa kwa simu ya Tanzania. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja au kutoza bei ya huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, na karatasi niliyopewa ina alama ya dola na muhuri wenu. Kiwango cha kubadilishia nacho mlijipangia wenyewe. Nakala nimeiambatisha.

Kuhusu usafiri nitasema kwa kifupi upande wa gari, na kwa urefu kidogo upande wa kijana wenu aliyenipokea. Gari la kampuni halikuwepo. Mombo nilipakiwa kwenye Noah ya abiria, tukabanana siti ya watatu tukiwa wanne, na ndoo ya nyanya miguuni. Safari ya Noah sina ugomvi nayo; ile barabara ya kupanda kupitia Soni ni nzuri hata ukiwa umekunjwa. Lakini nauli ya Noah naijua, na nyinyi mmenitoza ya gari binafsi.

Jambo lililonitia hofu lilitokea kabla hatujaondoka. Kijana wenu aliyekuja kunipokea stendi alipiga simu kwa spika, katikati ya wapiga debe na bodaboda, akasema kwa sauti: “Huyu dada yuko peke yake, hana mtu, mpelekeni gesti fulani.” Gesti aliitaja kwa jina. Kabla hata Noah haijajaa, mwanaume nisiyemjua alikuja dirishani akaniuliza kama kweli nalala pale na kama ningependa kampani. Mwanamke anayesafiri peke yake anajua mambo mawili ya kutosema hadharani: kwamba yuko peke yake, na mahali anapolala. Kijana wenu aliyasema yote mawili kwa sentensi moja. Usiku ule nilisogeza kile kitanda cha pili nikakiegemeza mlangoni, kwa hiyo siwezi kusema hakikunifaa kabisa.

Kuhusu msitu wa Amani sina lalamiko. Kiongozi mliyenipa alikuwa mtu makini. Alijua miti iliyopandwa tangu Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha pale Amani mwaka 1902, na usiku alinionyesha vinyonga kwa tochi bila kuwagusa. Naomba fedha ninazodai zisije zikakatwa kwenye ujira wake.

Sasa Maziwe, ambayo ndiyo iliyonifanya nichague safari yenu badala ya kujipangia mwenyewe. Tulipovuka kivuko cha Pangani na kufika Ushongo, niliambiwa boti haiondoki ikiwa na watu chini ya wanne. Nikauliza sharti hilo limeandikwa wapi. Sikujibiwa, ila nilipewa ruhusa ya kulipia nafasi tatu zilizobaki, yaani sasa niwe watu wanne. Nilipokataa, mwakilishi wenu akapiga simu huku na huku, akarudi na habari njema: kesho yake ipo boti yenye nafasi, inaondoka saa tisa mchana.

Mtu yeyote wa Pangani angemwambia. Maziwe ni fungu la mchanga lisilo na mti, na maji yakijaa linafunikwa. Siku zile zilikuwa za bamvua, yaani za maji makubwa, na bamvua pwani yetu maji hupwa asubuhi kama saa nne na kujaa alasiri kama saa kumi. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu chini ya mnazi alisikia mazungumzo yetu, akaniuliza kwa upole, “Dada, saa tisa unakwenda kukanyaga nini?” Sikwenda. Mwakilishi wenu akaandika kwenye fomu kwamba mteja ameahirisha kwa hiari yake. Sikuahirisha chochote. Mliniuzia kisiwa kwa saa ambayo kisiwa hakipo.

Nilipopiga simu ofisini kwenu kulalamika, mhudumu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwamba rahisi ni ghali. Sijui kama ndivyo mnavyowafundisha. Bei ile niliikuta kwenye tangazo lenu, na mliipanga nyinyi. Nilichotarajia ni kupata kile kilichotajwa humo, kwa bei iliyotajwa humo.

Nadai yafuatayo. Mnirejeshee nyongeza ya chumba yote, gharama ya boti ya Maziwe, na tofauti kati ya gari la kampuni na nauli halisi ya Noah niliyopanda. Fomu ya Maziwe isahihishwe isomeke kwamba safari ilishindikana upande wenu. Tangazo lenu liseme wazi, mahali pale pale panapotajwa bei, kiasi anacholipa msafiri wa peke yake na idadi ya chini ya watu wa boti, kwa shilingi. Na wapokezi wenu waelekezwe kutotaja stendi habari za mgeni wala anapolala. Hili halina gharama yoyote na lingeweza kuanza leo mchana.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipofika, nitapeleka suala la tangazo kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya matangazo ya kupotosha, na lile la bei ya dola nitalipeleka Benki Kuu.

Mwakilishi wenu aliwahi kunidokeza kwamba naweza kupewa vocha ya safari nyingine. Sihitaji vocha. Fedha zirudi kwenye namba ileile ya simu niliyolipia.

Wenu,

Mteja
(jina, stakabadhi za malipo na picha ya fomu ya Maziwe vimeambatishwa)