Barua ya Kufunga Muhula: Kidokezo cha Jumatatu na Daftari la Mashairi

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI YA LIKIZO

Salamu kutoka shuleni. Ripoti ya maendeleo ya mwanao imo ndani ya bahasha, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Tafadhali isomeni pamoja na mtoto, mtie saini, mwirudishe siku ya kwanza. Vitabu vya maktaba ambavyo bado viko nyumbani navyo virudi siku hiyo. Sweta zilizosahaulika madarasani zimejaa kabati zima. Anayekosa ya mwanawe apite ofisini.

Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza getini: lile daftari dogo la mashairi, na vile vikaratasi vyenye maneno ya ajabu ambavyo watoto wamekuwa wakirudi navyo nyumbani.

Muhula huu kila darasa lilikuwa na kidokezo cha wiki. Jumatatu asubuhi mwalimu hubandika ubaoni sentensi moja, au hata nusu sentensi, kisha anaendelea na masomo kama kawaida. Hakuna anayeandika siku hiyo. Watoto wanaachiwa siku mbili za kukiatamia kidokezo hicho: wakicheza, wakioga, wakisubiri usingizi. Jumatano wanapewa dakika kumi za kuandika kimya, mwalimu naye akiandika lake. Ijumaa anayetaka anasimama na kusoma. Anayetaka, nasema, kwa sababu wapo waliokaa wiki nyingi wakisikiliza tu, na hatukuwasukuma.

Mmeniuliza kwa nini tusiwape mada za kawaida: amani, mazingira, umuhimu wa elimu. Tuliwahi kuwapa. Mtoto akiambiwa aandike kuhusu amani, anaandika alichosikia watu wazima wakisema kuhusu amani, na darasa zima linaleta shairi moja lenye majina tofauti juu. Mada pana humpeleka mtoto kwenye maneno yaliyokwisha kutumika. Kidokezo chembamba humnyima maneno hayo, ikabidi atafute yake. Kwa darasa la sita, kwa mfano, kidokezo kimoja kilikuwa hiki: kiatu cha kushoto kina malalamiko dhidi ya kiatu cha kulia. Hakuna mtoto aliyewahi kumsikia mtu mzima akihutubia kuhusu jambo hilo. Mmoja wao akaleta ubeti huu:

Ewe mwenza wa kulia,
daima watangulia,
nami nyuma nakimbia,
tope ni letu pamoja.

Wanaojua utenzi watauona hapo: mishororo minne, mizani (yaani silabi) minane kila mmoja, vina (sauti za mwisho wa mshororo) vitatu vya kwanza vikilingana na cha nne kikisimama peke yake. Mimi nilichokipenda ni ule mshororo wa mwisho. Lalamiko linageuka kuwa undugu kwa maneno manne, na sidhani kama kuna mwalimu aliyemfundisha kufanya hivyo.

Darasa la tatu wao walipewa kidokezo cha kukatazwa: andika kuhusu mvua, lakini usitaje mvua, maji wala mawingu. Hii si mbinu ya kigeni hata kidogo. Ni kitendawili. Watoto wetu wamezaliwa na “Tega!” masikioni, wanajua kwamba kitu kinaweza kuelezwa vizuri zaidi kikifichwa jina. Mmoja aliandika hivi, bila vina na bila mizani:

Paa linapigiwa makofi.
Mama anakimbilia kamba.
Nguo zinarudi ndani kabla hazijamaliza kucheza.

Hapa ndipo baadhi yenu mmetofautiana nami, na nimeisikia hoja yenu. Mnasema: hilo si shairi, hilo ni maneno yaliyokatwa mistari. Mabishano hayo ni ya zamani kuliko watoto wetu. Miaka ya 1970 washairi na wahakiki wa Kiswahili waligawanyika vikali, wanajadi wakishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi, wanausasa wakisema ushairi unakaa kwenye fikra na picha. Sitaki kuamua ugomvi huo kwa barua ya kufunga muhula. Ninachojua kutokana na madarasa ni kwamba mtoto mdogo akiambiwa atafute vina kwanza, anaandika chochote kinacholingana sauti. Ng’ombe wa shairi lake watakwenda popote kina kitakapowapeleka. Kwa hiyo madarasa ya chini tunawaachia huru, tunawataka watazame kwa makini na kuchagua kitenzi chenye nguvu. Kuanzia darasa la tano tunaleta mizani, kwanza mishororo ya utenzi, halafu tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ambalo kila mshororo una vipande viwili vya nane kwa nane: ukwapi, cha kwanza, na utao, cha pili. Kufikia hapo mtoto ana kitu cha kusema, na sheria humkaza kwa faida.

Na hesabu ya mizani ina faida ambayo sikuitarajia kuiona mapema hivi. Mtoto anayegonga meza akihesabu anagundua kwamba “mto” una mizani miwili na “mwana” nao miwili, ingawa herufi si sawa. Anaanza kuyasikia maneno kabla ya kuyaandika. Walimu wa madarasa hayo wananiambia makosa ya tahajia ya kuruka silabi yamepungua madaftarini. Nawaeleza haya wale mlioogopa kwamba dakika za Jumatano zinaibiwa kutoka kwenye maandalizi ya mitihani.

Watoto wadogo kabisa, ambao kalamu bado inawashinda, hawakuachwa nje. Wao hutamka, mwalimu anaandika neno kwa neno. Kidokezo chao kilichofanikiwa kuliko vyote kilihusu sauti. Tunasema nyeupe pepepe, nyeusi tititi, kitu kimetumbukia chubwi. Tukawauliza: mlango wenu unasema nini ukifungwa usiku? Darasa zima lilikuwa na kelele asubuhi nzima, na mwalimu wao alikuja ofisini kuniomba radhi kwa kicheko kilichosikika hadi huku. Nilimwambia aendelee.

Si kila kidokezo kilifaa. Tumejifunza kuviacha vile vinavyomtaka mtoto awe na kitu ambacho wengine hawana: safari ya likizo, zawadi ya siku ya kuzaliwa, chumba chako mwenyewe. Tumeviacha pia vile vinavyochukulia kwamba kila nyumba imepangwa sawa. Badala ya “baba yangu” tuliandika “mtu anayezijua hatua zangu kabla sijabisha hodi”. Majibu yalikuwa ya bibi, kaka, jirani, mbwa, na baba pia, tena akina baba walioandikwa hivyo walitoka hai zaidi kuliko wale wa “baba yangu ni mtu mzuri”.

Machi 21, Siku ya Ushairi Duniani ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1999, tuliweka kidokezo pembeni na madarasa yakatembeleana kughani. Sikualika wageni, kwa makusudi. Mashairi ya hafla, yale ya kukaririshwa na kupigiwa makofi, yana mahali pake, lakini siku ile nilitaka watoto wasomeane wao kwa wao. Darasa la saba wakiwa kimya kumsikiliza mtoto wa darasa la pili ni jambo ambalo halitokei mara nyingi shuleni hapa.

Sasa likizo. Daftari linakuja nyumbani, na vidokezo vya wiki za likizo vimebandikwa nyuma ya jalada. Kuna cha orodha ya vitu ambavyo mlango umeviona vikipita. Kuna cha sauti ya mwisho unayoisikia kabla ya kulala. Kuna cha shairi la maswali matupu, lisilo na jibu hata moja, na hicho ndicho watoto wakubwa hukipenda mno kwa sababu kinawapa ruhusa ya kuuliza wanayozuiwa kuuliza. Kuna cha kivuli chako kinapochoka kukufuata. Na kuna kimoja cha kwenu wote nyumbani: muulize mtu mzima alichokuwa akikiogopa alipokuwa na umri wako, kisha ukiandike hicho kitu kikizungumza chenyewe. Tafadhali mjibuni mtoto ukweli. Akisema kwamba mzazi wake hakuwahi kuogopa chochote, shairi limekwisha kabla halijaanza.

Msimtungie. Naandika hili kwa upole, lakini walimu wana macho. Shairi la mtoto wa darasa la nne lenye “changamoto lukuki za maisha ya leo” lina msamiati wa mtu aliyewahi kulipa kodi ya nyumba. Msimtafutie kina anapokwama, wala msishike kalamu nyekundu. Makosa ya tahajia tutayashughulikia shuleni, wakati wa kunakili shairi kwa usafi. Anayerekebishwa wakati bado anawaza hujifunza haraka kutumia maneno mepesi tu ambayo hana hofu nayo, na hapo tumempoteza.

Mkitaka kusaidia, mwambieni asome kwa sauti, kisha asome tena. Mara ya pili yeye mwenyewe atakwaruzwa na mstari usiokaa sawa. Mwulizeni ni mstari upi anaupenda na upi anaweza kuufuta bila shairi kuanguka. “Nzuri sana” inamfurahisha, lakini haimwambii kitu. Kumwambia “sikujua kwamba ulikisikia kile kikombe kikivunjika” kunamwambia kwamba mlisikiliza. Kama nyumbani mnazungumza lugha nyingine, aandike kwa lugha hiyo akipenda. Atatusomea hivyo hivyo, halafu atueleze.

Historia yetu yenyewe iko upande wa wazazi katika jambo hili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa pwani, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao bado unasomwa. Alimwita karibu, akamwambia achukue wino na karatasi, akaanza. Hakuwa na mada pana. Alikuwa na mtoto mmoja mbele yake, na muda mchache.

Ombi moja zaidi, kuhusu simu. Nimeona mashairi ya watoto yakisambazwa kwenye makundi ya wazazi, mengine yakiwa na siri ambazo mtoto alidhani amemwambia mwalimu na wenzake tu. Mwombeni ruhusa kwanza. Akikataa, ikubalini. Nasi shuleni hatubandiki ukutani shairi lolote ambalo mwenyewe hajalikubali.

Hatutatoa alama kwa daftari hili. Mtoto atakayerudi na mashairi matatu, shairi moja lenye mistari miwili, au ukurasa uliojaa maneno yaliyofutwa, wote wataketi katika duara moja Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao. Wazazi watakaoweza kufika asubuhi hiyo wanakaribishwa. Tutaanza baada ya gwaride. Sharti ni moja: mzazi anayeingia darasani anapewa kidokezo na karatasi kama kila mtu, na dakika kumi zake.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu