Jeni ya cagA pekee haitoshi kumtabiria mtu vidonda vya tumbo

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu jeni za Helicobacter pylori, bakteria anayeishi tumboni na anayeweza kuleta vidonda, na nawapongeza kwa kulieleza jambo hilo bila kulirahisisha kupita kiasi, kwa sehemu kubwa. Nina pingamizi moja tu, nalo linahusu ushauri mlioutoa mwishoni, kwamba kila anayekutwa na bakteria huyo apimwe pia iwapo bakteria wake wana jeni ya cagA ili ajue kama atapata vidonda. Kipimo hicho hakiwezi kumpa mgonjwa jibu hilo.

Sikatai kwamba cagA ina madhara. Jeni hiyo imo katika kipande cha DNA chenye jeni zipatazo 30, na baadhi yake huunda mtambo unaofanya kazi kama sindano: bakteria hujishikiza kwenye seli za utando wa tumbo na kuzidunga protini ya CagA. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli yenyewe huipachika fosfeti, nayo huanza kuvuruga umbo la seli, ukuaji wake na namna inavyoshikamana na seli za jirani. Sindano hiyohiyo huchochea seli kutoa kemikali zinazoita chembe nyeupe za damu, na ndiyo maana wenye bakteria wa aina hii huwa na gastritisi (uvimbe wa utando wa tumbo) kali zaidi, na kwa wastani hupata vidonda na saratani ya tumbo mara nyingi zaidi kuliko wenye bakteria wasio na jeni hiyo.

Neno la kuzingatia hapo ni wastani. Katika nchi za Asia ya Mashariki, karibu Helicobacter pylori wote wana cagA, lakini wengi wa walioambukizwa huko huishi hadi uzeeni bila kidonda. Duniani kote, kati ya watu 100 walioambukizwa, ni 10 hadi 20 tu wanaokadiriwa kupata vidonda maishani. Jeni ambayo katika jamii nzima inabebwa na bakteria wa wagonjwa na wa wazima vilevile haiwezi kutumika kuwatenganisha.

Kuhusu vacA, jeni nyingine ya bakteria huyu inayotengeneza sumu, makala iliteleza zaidi iliposema kwamba bakteria "mwenye vacA" ndiye wa kuogopwa, kwa kuwa jeni hiyo imo katika takriban bakteria wote wa jamii hii. Kinachotofautiana ni muundo wake: sumu inayotokana na muundo wa s1/m1 hutoboa matundu katika seli na kuziumiza sana, ilhali ya muundo wa s2 karibu haina makali. Ilikuwapo pia dupA, iliyotangazwa mwaka 2005 kuwa jeni ya vidonda vya duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Tafiti zilizofuata katika nchi mbalimbali zilitoa majibu yanayokinzana. Nadhani historia hiyo fupi ingetosha kutufanya tusite kabla ya kumtangazia msomaji jeni nyingine ya vidonda.

Mengine hutegemea mwenye tumbo. Uvimbe ukikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, tindikali huongezeka na vidonda hutokea katika duodeni. Ukisambaa hadi sehemu ya juu, tindikali hupungua, na hatari inayokua ni ya vidonda vya tumbo lenyewe na saratani. Uvutaji sigara huongeza hatari, na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni husababisha vidonda hata kwa mtu asiye na bakteria huyu kabisa.

Hata majibu ya cagA yakitoka, daktari atafanya nini nayo? Makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Kyoto, Japani, na kuchapishwa mwaka 2015 yaliitambua gastritisi inayoletwa na bakteria huyu kuwa ugonjwa wa kuambukiza, na kupendekeza kila aliyeambukizwa atibiwe isipokuwa kuwe na sababu mahususi ya kutofanya hivyo. Tiba haingoji cagA, wala dawa hazibadiliki kwa sababu yake.

Jeni zinazobadilisha tiba zipo, na makala haikuzigusa kabisa. Badiliko la herufi moja tu katika jeni ya 23S ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini) humfanya bakteria asidhurike na klarithromaisini, mojawapo ya dawa zilizotumiwa zaidi dhidi yake. Mabadiliko katika gyrA humpa usugu dhidi ya levofloksasini, antibiotiki nyingine. Maabara yenye kipimo cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi ili isomeke, inaweza kuyaona hayo katika kipande kidogo cha utando wa tumbo, na mara nyingine hata katika kinyesi, kabla mgonjwa hajamaliza wiki mbili akimeza vidonge visivyomsaidia. Fedha za mgonjwa kama zitatumika kusoma jeni za bakteria, basi zitumike hapo.

Naomba mrekebishe ushauri ule, na mwongeze jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: baada ya tiba ni lazima kupima tena, kwa pumzi au kinyesi, angalau wiki nne baada ya dawa kuisha, na dawa za kupunguza tindikali aina ya omeprazoli zisitishwe wiki mbili kabla ya kipimo hicho kwa ushauri wa daktari, la sivyo kinaweza kuonyesha kwamba bakteria ametoweka ilhali bado yumo.

Msomaji wenu