Kwa mdogo wangu anayerusha ndege za majini

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, maana najua hapa unapita.

Ile siku ya sebuleni, Entebbe, bado imenikaa kooni. Wazee wametoka Bombo alfajiri kuja kukupa pole kwa ile ajali ya ndege yako ziwani. Mama kakuwekea chai ya tangawizi na maandazi, akakuuliza taratibu, "Mwanangu, kwani maji hukuyaona?" Ukamjibu mbele ya watu, "Mama, nyinyi hamwezi kuelewa." Ukachukua koti, ukapanda boda, ukaenda zako. Chai ikafanya utando juu. Mama alikataa kikombe kisiondolewe mpaka magharibi.

Haya, mimi nimetafuta kuelewa. Nimesoma, nimeuliza wanaojua. Ziwa likitulia bila wimbi na wingu likashuka, maji na mbingu huwa rangi moja, jicho likakosa pa kushika. Rubani anadhani yuko juu, kumbe maboya ya ndege yanakaribia kugonga. Au anadhani amefika, anainua pua mapema, ndege inaishiwa mwendo wa kuishikilia angani, inadondoka. Ndiyo maana mnafundishwa kutua kandokando ya ufuko, pua juu kidogo, mkishuka kama futi 150 kwa dakika mpaka maji yenyewe yaipokee ndege. Au mashua ipite kwanza, iyatibue maji.

Kwa hiyo kweli hukuyaona. Mama, ambaye ndege za majini amezisikia tu kwa Babu, zile za Imperial Airways, shirika la Waingereza la zamani, zilizokuwa zikitua bandarini Port Bell, aliuliza swali lenyewe hasa. Na wewe ukamfokea!

Nakuomba, usirudi kazini kwa haraka. Ukilikuta ziwa limelala vile na ufuko huuoni, geuza. Abiria akinuna, anune. Hayo nilikuambia tangu unaanza, na hukupenda. Kama ambavyo hukupenda pia nilipowaambia wazee kwamba yule abiria wako alifariki. Sikukuchongea, ndugu yangu. Walikuwa wanamwombea apone, kila baada ya swala, mtu aliyekwisha kuzikwa. Ningewaacha mpaka lini? Wewe umenyamaza, mimi ndiye ninayeitikia "amina" nao.

Njoo Idi hii. Nauli nitatuma mimi. Na mjane wa yule abiria, kama bado hujampigia, mpigie kabla hujasafiri.

Dada yako